Baraza la Wasiokatizwa

Barua pepe ile ilikuwa na adabu nyingi mno, na hapo ndipo Baba Pacha alipojua kwamba mambo yameharibika. Kampuni iliyokuwa ikiwahifadhia Baraza lao miaka yote ilimshukuru kwa uaminifu wake, ikamtakia afya njema yeye na familia yake, kisha ikamweleza kwamba mitambo ya zamani itazimwa mwisho wa mwezi. Programu iliyoendesha Baraza ilikuwa imezeeka kiasi cha kutoweza kuhamishiwa kwenye mitambo mipya. Kama kuna chochote angependa kubaki nacho, akipakue mapema.

Aliisoma akiwa amesimama, mkononi ameshika taya la chini la mtu asiyemjua. Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia, katika chumba cha nyuma cha kliniki ya meno: dirisha moja, sinki lililogandiwa na plasta, na harufu ya nta iliyoyeyushwa ambayo mkewe alisema imeshaingia hata kwenye mito ya kitandani. Kwenye kona, juu ya meza iliyokuwa ya mapokezi kabla ya kuvunjika mguu, ilikaa kompyuta kuukuu iliyopauka kwa vumbi. Wagonjwa hawakuingia humo. Daktari alileta vipimo, akaviweka, akaondoka. Ilikuwa kazi ya mtu asiyetaka kuongea, na Baba Pacha aliichagua kwa sababu hiyo hiyo.

Maana alikuwa na kigugumizi, tena kile cha kukwama. Neno linafika kooni, mlango unafungwa, na mwenye neno anabaki amekodoa macho huku msikilizaji akitazama saa yake au, vibaya zaidi, akimsaidia. Hakuna alichokichukia duniani kama kusaidiwa. Alitaka kusema "naomba maji," mtu akawahi kumalizia "mkate?" na yeye, kwa uchovu tu, akakubali mkate. Alishakula mikate mingi ya namna hiyo maishani.

Ndiyo maana alianzisha Baraza, zamani zile, wakati mtandao bado ulikuwa mahali pa kwenda na si kitu cha kukufuata mfukoni.

Waliokulia kwenye simu za siku hizi hawataelewa lilivyokuwa, na kuwaeleza ni kujichosha. Ulikuwa ukurasa wa rangi ya samawati iliyofifia, mada zimepangwa moja chini ya nyingine, ile iliyojibiwa karibuni ikipanda juu. Kushoto palikaa jina la mwandishi na kipicha chake, na chini ya jina, cheo. Ukiingia ulikuwa Mgeni. Ukiandika vya kutosha ukawa Mwenyeji. Walioandika mpaka vidole vikaota sugu waliitwa Wazee wa Baraza, hata kama mmoja wao alikuwa bado anaoshewa nguo na mama yake. Pembeni kulikuwa na bahasha ndogo iliyogeuka rangi ya chungwa ukipata ujumbe wa faragha. Hakukuwa na alama ya kukuonyesha kwamba mwenzako ameshasoma na amekunyamazia. Uliandika ulipopata nafasi, ukasomwa na aliyepata nafasi. Mada iliyolala miaka mitatu iliweza kuamka asubuhi moja kwa sababu mtu amepata la kuongeza, na hakuna aliyemcheka kwamba amechelewa.

Wanachama wote walikuwa watu wa kigugumizi, na Baraza lilikuwa na desturi yake. Mtu akianza kusimulia jambo, hata akilisimulia kwa vipande, leo kimoja na keshokutwa kingine, hakuna aliyeruhusiwa kujibu mpaka mwenyewe aandike "nimemaliza." Basi. Hakuna kukatiza, hakuna kumalizia, hakuna hata kuuliza "halafu?" Mwalimu mmoja alichukua karibu mwezi kueleza siku aliyoshindwa kuita majina ya wanafunzi wake mbele ya mkaguzi, na Baraza zima likangoja kimya. Alipoandika "nimemaliza," majibu yalimwagika kurasa kwa kurasa. Alisema hajawahi kusikilizwa hivyo tangu azaliwe.

Aliyebuni desturi hiyo alikuwa Kobe.

Kobe ndiye mwanachama wa kwanza, na Baba Pacha, ambaye huko aliitwa Msimamizi, hakuwahi kuiona sura yake wala kuisikia sauti yake. Alijua kwamba anatengeneza saa za mkononi, kwamba anaishi na dada yake mkubwa, kwamba hali vitunguu, na kwamba hakuna mtu anayeweza kuandika mzaha kama yeye. Kipicha chake kilikuwa kobe aliyevaa kofia. Chini ya kila bandiko lake palikuwa na mstari ule ule: "Nitafika tu, msinisukume." Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto wa kuyeyushia nta, Baba Pacha alifungua kompyuta kutazama kama bahasha imegeuka rangi. Mkewe, Mama Pacha, alimtania kwamba yeye mkewe ameolewa uke wenza na kobe. Mzaha ulikuwa na ukweli ndani yake. Kuna mambo aliyomwandikia Kobe ambayo hakuwahi kumwambia mtu mwingine yeyote, na mkewe alilijua hilo, akaliacha.

Kisha wakaja wahuni. Mtu mmoja alijiunga akijifanya mwenzao, akakusanya namba za simu, akaanza kuwapigia watu na kuwarekodi wakihangaika na maneno ili akacheke na wenzake. Kobe alikuwa wa kwanza kupigiwa. Alipotea kwa muda mrefu baada ya hapo. Aliporudi, yeye na Msimamizi wakatunga sheria pamoja: barazani hakuna namba za simu. Msimamizi akaweka kichujio. Matusi yote, pamoja na yale majina ambayo watu kama wao huitwa mitaani, yakageuzwa nyota. Mfuatano wowote wa tarakimu uliofanana na namba ya simu, nyota vile vile, hata kwenye ujumbe wa faragha. Akaongeza na ujanja wake mwenyewe, bila kumwambia mtu, na aliujivunia: mwandishi aliendelea kuona alichoandika kama alivyokiandika, nyota waliziona wengine tu, Msimamizi akiwemo. Hakutaka mtu aliyeteleza aone haya.

Miaka ikasonga, watu wakaanza kuhamia kwenye makundi ya simu, huko ambako kila mtu anabonyeza kitufe na kumwaga sauti yake kama anamwaga maji machafu dirishani. Baadhi ya watu wa Baraza walijaribu huko, wakatoka kimyakimya. Ndipo siku moja Kobe akafungua mada mpya. Kwa nini na sisi tusisikilizane sauti? Sisi kwa sisi tu, wanaojuana. "Tumejificha vya kutosha," aliandika. "Nimemaliza."

Msimamizi aliona kama anavuliwa nguo. Alijibu kwa ukali ambao mdomo wake haukuwahi kuuweza: anayetaka kelele aende sokoni, Baraza lilijengwa ili watu wapumzike na sauti zao. Kisha akaifunga mada. Kumfungia mada Kobe! Wazee wa Baraza hawakuamini macho yao.

Hazikupita wiki nyingi bahasha ikageuka rangi ya chungwa. "Msimamizi," Kobe aliandika, "nina jambo, na hili haliandikiki." Kisha safu ya nyota.

Hayo tu. Hakukuwa na "nimemaliza."

Baba Pacha alijua papo hapo kwamba ametukanwa. Ingekuwa mtu mwingine, angedhani ni namba ya simu. Lakini Kobe? Kobe aliyeitunga sheria ile kwa uchungu wake mwenyewe? Haiwezekani. Ni tusi, tena zito, na kwa kuwa hakuandika kwamba amemaliza, maana yake ana mengine yanakuja. Basi akafuata desturi, akangoja. Alijiambia kwamba anangoja kwa heshima, kumbe moyoni amenuna. Kobe hakuandika tena. Baraza likapungukiwa na watu mmoja mmoja, Wageni wakakoma kuja, na Msimamizi akabaki kufagia uwanja mtupu. Hasira ilimwisha zamani. Kungoja hakukumwisha.

Sasa ilikuja barua ile ya adabu, na jambo moja likamnyima usingizi. Baraza likizimwa, hatakuwa na njia yoyote duniani ya kumfikia Kobe. Hakujua jina lake, hakujua mji wake. Bahasha ile ndiyo iliyokuwa barabara pekee. Alimwandikia ujumbe wa faragha: "Kama bado upo, niandikie kabla ya mwisho wa mwezi. Nilikosea kukufungia mada." Kila siku alifungua kutazama. Bahasha ilibaki nyeupe.

Jumamosi, kliniki ilipofungwa mchana, alibaki kazini ili apakue Baraza zima kabla halijapotea. Maelekezo ya kampuni yalisema aanze kwa kuzima nyongeza zote na vichujio vyote, la sivyo faili litagoma njiani. Aliingia kwenye chumba cha msimamizi, ule ukurasa wa kijivu wenye vitufe ambavyo hakuvigusa miaka nenda rudi. Alipofika kwenye kichujio, programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo. Kisha, kwa kuwa ndicho alichotaka kukiokoa kwanza, akafungua ujumbe wa mwisho wa Kobe.

Mahali pa nyota palikuwa na namba ya simu.

Aliitazama muda mrefu bila kuelewa. Halafu akaelewa. Kichujio hakikuwahi kufuta kitu. Kiliziba macho ya msomaji tu, na maneno yenyewe yalikaa chini yake miaka yote, mazima.

Akarudi barazani, akafungua mada moja baada ya nyingine. Namba zilikuwa zimetapakaa. Kulikuwa na nesi mmoja aliyefanya zamu kwenye wodi ya watoto, mwandishi mcheshi ambaye aliondoka ghafla bila kuaga. Bandiko lake la mwisho lilisema: "Leo siwezi. Akitokea mtu, nipo." Kisha namba. Na chini yake watu wema wa Baraza, waliokuwa wameona nyota tu, walimjibu kwa upole: pole dada, usitukane, kesho kutakuwa na nafuu. Yeye aliiona namba yake pale, wazi kabisa. Aliamini wote wameiona. Alikaa na simu yake akisubiri watu waliokuwa wakimshauri asitukane, na simu haikulia.

Baba Pacha aliinamisha kichwa juu ya meza, kati ya mataya ya watu, akalia.

Mama Pacha alimkuta hivyo. Alikuwa amempitia ili warudi nyumbani pamoja, kikapu cha soko mkononi, na alipomwona alikiweka kikapu chini akasimama pale pale.

"Baba Pacha. Kuna nini?"

Alifungua mdomo, ukakataa. Mkewe hakusogea wala hakumbashiria. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kummalizia sentensi hata moja, na kama ungemuuliza Baba Pacha kwa nini alimwoa, hilo ndilo angekuandikia. Mwishowe aliinua kidole akaonyesha kompyuta. Mama Pacha alivaa miwani, akasoma, akauliza maswali mawili matatu ambayo aliweza kuyajibu kwa kichwa.

"Kumbe mwenzio hakukutukana," alisema polepole.

Akatikisa kichwa: hapana, hakumtukana.

"Alitaka umpigie."

Akakubali.

Mama Pacha akatoa simu kwenye mkoba. "Nionyeshe namba, nikupigie." Alisema hivyo bila kufikiri, kwa mazoea tu, kwa sababu simu zote za nyumba ile alizipiga yeye: za shule ya mapacha, za fundi bomba, hata simu ya kumpa pole mama mkwe alipofiwa. Aliandika tarakimu, akaweka kidole juu ya kitufe cha kijani.

"Lete," Baba Pacha akasema. Neno lilitoka lenyewe, zima.

"Utaweza?"

"Sijui. Lete."

Kobe hakuomba kupigiwa na mke wa mtu. Baba Pacha alibonyeza mwenyewe, akaiweka simu sikioni, na jasho likamtoka mgongoni kabla hata haijaanza kuita. Iliita. Ilipokelewa.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke, mtu mzima.

Neno aliloliandaa lilikuwa Kobe, na K ilikuwa adui yake tangu utoto. Ikafunga. Alijua kinachofuata: haloo, haloo, nani wewe, halafu mlio wa simu iliyokatwa. Alifumba macho akingoja mlio huo. Badala yake alisikia kiti kikivutwa, na mtu akikaa.

"Mimi sikati," mwanamke yule akasema. "Sema kwa nafasi yako."

Mama Pacha alikuwa ameketi juu ya ndoo ya plasta iliyofunikwa, mikono mapajani, akitazama sakafu.

"Kobe," Baba Pacha alisema hatimaye.

"Wewe ni Msimamizi," mwanamke akasema.

"Ndiyo."

"Mimi ni dada yake. Mdogo wangu ametutoka, kaka. Si jana wala juzi. Lakini simu yake nimebaki nayo, naichaji. Aliniambia, dada, kuna mtu atapiga halafu atakaa kimya, usimkatie. Basi nimewangoja wengi waliokosea namba. Mmoja alibonyeza kwa bahati mbaya akalala, nikamsikiliza anavyokoroma nikidhani ndiye wewe."

Baba Pacha alicheka.

"Alisema ana jambo," aliweza kusema. Ilichukua muda. Dada alingoja muda wote.

"Koo," akajibu. "Walimkuta na uvimbe kooni. Walikuwa wanakwenda kuiondoa sauti yote, asiongee tena maisha. Akaniambia, kuna mtu mmoja tumejuana miaka yote hii hajawahi kunisikia, nataka anisikie kabla haijatolewa. Sauti yenyewe mbovu, unajua mambo ya kigugumizi. Lakini aliitaka uisikie. Alikaa na hii simu mkononi mpaka wanamwingiza chumba cha upasuaji. Manesi ndio walioichukua mkononi mwake."

Baba Pacha alishika ukingo wa meza.

"Baada ya hapo alikuwa akiandika kwenye kibao," dada akaendelea. "Aliishi muda kidogo. Ile kompyuta hakuifungua tena."

Ilibidi amweleze. Hakuwahi kueleza jambo refu kwa mdomo tangu alipooa, na hili lilikuwa na nyota, na kichujio, na sheria, na wahuni, na kila neno lilikuwa na kizingiti chake. Aliruka mengine, akarudi nyuma, akakwama mahali fulani mpaka akasikia ndege juu ya paa la kliniki. Alipofika mwisho shati lilikuwa limelowa.

"Kwa hiyo hukuiona namba," dada akasema.

"Sikuiona."

"Yeye aliniambia umeiona. Aliniambia pale inaonekana wazi."

"Alinilaumu?"

Dada alivuta pumzi. "Nikikuambia hapana nitakuwa nakudanganya. Alikulaumu. Hakukutukana, lakini aliumia, akaondoka hivyo hivyo ameumia. Na mimi nimekulaumu mpaka leo hii, kaka, mpaka ulipoanza kuongea."

Mama Pacha aliinua macho kutoka sakafuni, akamwona mumewe anavyolia huku simu imebanwa sikioni, akaona ni vyema asisogee.

"Nisikilizishe," Baba Pacha akasema alipoweza. "Kama mlimrekodi. Hata kidogo."

"Hatunayo. Tangu wale waliomcheka hakukubali kurekodiwa hata siku moja. Hata kwenye harusi ya binamu yetu alitoka nje." Alisogeza kiti. "Naweza kukuonyesha tu alivyokuwa. Nimeishi naye, namjua. Lakini usije ukadhani nawacheka."

Maisha yake yote watu walikuwa wamemwigiza. Shuleni, mitaani, wakati mmoja hata mahali pa ibada, na kila mara aliondoka kabla hawajafika mwisho.

"Nionyeshe," akasema.

Dada akakohoa, akashusha sauti yake ikawa nzito. Alisema kwamba mdogo wake alikuwa akimtaja kila jioni wakila, na kwamba herufi ya kwanza ndiyo iliyompa tabu. Halafu akafunga midomo, akaishika ile M, akaishika, akaishika, kama alivyokuwa akiishika marehemu, bila haraka. Baba Pacha alifumba macho, akalingoja jina lake.